Mwiba Utafutwe Kabla ya Kiraka



Katika nchi ya Kilifi na Malindi baiskeli ni punda asiyekula majani. Huchukua madumu ya maji, magunia ya makaa, maziwa, makuti ya kuezekea na mitungi ya tembo la mnazi. Na pengine huchukua mgonjwa aliyeketishwa nyuma, huku nduguye akiisukuma taratibu kwenda zahanati. Pikipiki zimeiondolea kazi nyingi ya abiria katika miaka ya karibuni, walakini pikipiki hunywa petroli kila siku, na baiskeli hainywi kitu. Ndiyo sababu ingali na kazi yake katika vijiji vilivyo mbali na barabara kuu, upande wa Ganze hata upande wa Marafa.

Punda huyu ana ugonjwa mmoja umpatao kuliko yote, nao ni pancha. Kila mwenye baiskeli hudhani kwamba aijua dawa yake, kwa kuwa amekwisha kumwona fundi akiifanya mara mia. Mazungumzo haya hayakusudii kumfundisha fundi kazi yake. Yanakusudia kueleza kwa nini pancha iliyozibwa asubuhi huwa pancha tena kabla ya adhuhuri, jambo ambalo limewapotezea watu wengi mali yao. Na sababu yake mara nyingi si gundi mbaya, bali ni haraka.

Na atazamwe mchuuzi wa samaki atokaye Malindi kwenda Kakuyuni. Alfajiri amenunua changu na tafi ufukoni, kwa fedha ambazo nusu yake ni za mkopo. Samaki wamo katika tenga nyuma ya baiskeli, juu yao gunia lililoloweshwa maji, barafu hana. Saa alizo nazo ni chache. Jua likipanda samaki hulegea, macho yao huingia ndani, na mnunuzi wa Kakuyuni, ambaye si mjinga, hufunua matamvua ya samaki na kuyatazama kabla hajatoa shilingi.

Saa mbili ya asubuhi gurudumu la nyuma likalala. Mchuuzi akashuka, akafungua tairi, akaliona tobo katika mpira wa ndani, akabandika kiraka, akatia upepo, akapanda. Hakufika mbali. Tobo la pili lilikuwa karibu sana na lile la kwanza, nafasi ya upana wa kidole. Akabandika kiraka tena, huku akimlaani mtu aliyemuuzia solusheni. Gurudumu lilipolala mara ya tatu hakuwa na kiraka kilichobaki, na jua lilikuwa juu ya minazi.

Aliyemuuzia solusheni hakuwa na kosa lo lote. Mwiba ulikuwa umo ndani ya tairi lenyewe, umekatika nje na kubaki ndani, ncha yake imechomoza kidogo tu kiasi cha kutoonekana kwa jicho. Kila upepo ulipotiwa, tyubu ilisukumwa juu ya ncha ile ikatobolewa upya. Kiraka kilifanya kazi yake vizuri; aliyeacha kazi yake ni mbandikaji.

Mwiba wenyewe katika sehemu hizi mara nyingi ni wa mbigili, ule mmea utambaao chini kando ya njia za mchanga, wenye maua madogo ya manjano ambayo mtu huyaona mazuri mpaka akanyage bila viatu. Tunda lake likikauka hugawanyika vipande vitano, na kila kipande kina miiba migumu iliyopangwa hivi kwamba, kiangukavyo chote, mmoja hutazama juu. Mbigili haukungoja baiskeli zije. Umeumbwa ili mbegu zake zichukuliwe kwa kwato na nyayo, na tairi kwake ni unyayo kama unyayo mwingine. Kuingia katika vichaka vya bara huongeza miiba ya migunga, ambayo ni mirefu na huonekana upesi, na kwa sababu hiyo ina hasara ndogo kuliko mbigili. Penye njia za pwani, karibu na Watamu na Mida, adui ni matumbawe makali na vigae vya makombe; na wavuvi nao wana adui wao wa nyumbani, yaani ndoana iliyodondoka.

Kabla ya kufungua cho chote, mwenye baiskeli yampasa kuuliza kama pancha ni pancha kweli. Baiskeli nyingi za kazi, zile nyeusi zenye magurudumu ya inchi 28, zina vali ya namna ya zamani, ambayo ndani yake mna kijiti cha chuma kilichovikwa kipira chembamba kama utumbo wa kuku. Kipira hicho ndicho mlango: huuacha upepo wa pampu uingie, kisha huuzuia usitoke. Miaka na joto hukikausha kikapasuka, na upepo ukatoka polepole usiku kucha. Asubuhi mtu hulikuta gurudumu limelala, akang'oa tairi, akaikagua tyubu yote asione tobo, akarudi ndani akisema kwamba jirani ana jicho baya.

Jaribio lake ni rahisi. Gurudumu litiwe upepo, lizungushwe mpaka vali iwe juu kabisa na mdomo wake ukielekea chini, kisha kikombe cha maji kiinuliwe hata mdomo ule uzame. Mapovu yakipanda, mara nyingi tyubu haina kosa. Kipande kipya cha kipira kitamaliza shauri, nacho hakifiki hata urefu wa kidole kidogo. Pasipo maji, mate yaliyopakwa katika ncha ya vali hutosha kuonyesha. Mwenye busara huchukua kipande cha kipira hicho mfukoni siku zote, kwa kuwa hakina uzito.

Ikiwa vali ni nzima, hapo ndipo tairi lifunguliwe. Baiskeli hupinduliwa ikasimama juu ya tandiko na usukani, mzigo ukiwa umekwisha kushushwa. Gurudumu la nyuma halina haja ya kutolewa. Kulitoa ni kufungua nati, mnyororo, breki na pengine kichukuzi, na kulirudisha sawasawa ni kazi nyingine tena. Upande mmoja tu wa tairi ukitolewa katika rimu, tyubu huvutwa nje kama utumbo wa mbuzi, ikazibwa ikining'inia hapo hapo. Wenye vyuma vya kufungulia tairi huvitumia hivyo. Wasio navyo hutumia mipini ya vijiko viwili, nayo hufaa sana kwa kuwa haina makali. Bisibisi haifai. Bisibisi hufungua tairi kwa ncha yake, na kwa ncha iyo hiyo huongeza tobo la pili.

Kufungua tairi kando ya njia namna hii ni neema ambayo watu wa kwanza hawakuwa nayo. John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama katika mji wa Belfast, ndiye aliyepata hati ya tairi la upepo mwaka 1888, baada ya kulitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya miguu mitatu ya mwanawe. Lakini matairi yale ya kwanza yaligandishwa kwa gundi katika gurudumu, na pancha moja ilikuwa kazi ya saa nyingi, tena gundi iliachwa usiku mzima ikauke. Ndugu wawili wa Ufaransa, kina Michelin, wakatengeneza tairi la kufunguliwa. Mwaka 1891 Charles Terront alilitumia katika mashindano ya kutoka Paris mpaka Brest na kurudi, mwendo wa kilomita 1,200 hivi, akawashinda wote. Tangu hapo baiskeli ikaenea duniani. Haifai kusahau kwamba tamaa ya mpira iliyokuzwa na matairi hayo ilileta msiba mkubwa katika Kongo, ambako chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji watu walilazimishwa kuutafuta mpira mwituni, na wengi waliuawa au kukatwa mikono. Nao watu wa Afrika ya Mashariki waliujua mpira kabla ya kuijua baiskeli, maana uligemwa katika mimea itambaayo ya mwituni na kupelekwa ng'ambo tangu karne ya 19. Jina lake halikuletwa na meli.

Basi tyubu imetoka. Hapa ndipo mchuuzi wa Malindi alipokosea, na hapa ndipo panapostahili maneno mengi.

Tyubu haipasi kuzungushwa wala kutupwa chini ovyo. Huachwa vali yake ikiwa mahali pake katika rimu, au ikitolewa kabisa hulazwa juu ya tairi, vali mkabala na tundu la vali, upande wa kulia ukiwa ule ule wa kulia. Kisha hutiwa upepo kidogo hata inenepe, na kusogezwa karibu na shavu au midomo, ambayo husikia pumzi ndogo kuliko vidole. Tobo lisilosikika hutafutwa katika karai la maji, sehemu baada ya sehemu, mpaka mapovu yaonekane. Likiisha kuonekana litiwe alama, lakini kazi isikatizwe hapo: tyubu izungushwe yote, kwa kuwa mara nyingi mwenye kutafuta tobo moja huwa na mawili. Yaliyo katika maji ya chumvi huoshwa kwa maji baridi ya kisima kabla ya kubandikwa kitu.

Sasa tobo lenyewe lina habari ya kusimulia. Likiwa upande wa nje wa tyubu, yaani upande ukanyagao njia, lilitoka nje: mwiba, msumari, kigae. Tyubu ikilazwa sambamba na tairi, vali kwa vali, tobo hilo huonyesha kama kidole mahali hasa ambapo mwiba umekaa katika tairi. Likiwa upande wa ndani, ulioelekea rimu, mwiba hauna habari nalo. Ni ncha ya spoki iliyochomoza, au kutu. Hewa ya bahari hula rimu haraka, na ule ukanda wa mpira au kitambaa ulalao juu ya vichwa vya spoki huoza, ikabaki tyubu inasuguana na chuma kitupu. Kubandika kiraka pasipo kubadili ukanda ule ni kuahirisha pancha mpaka Jumamosi.

Matobo mawili madogo yaliyo ubavuni, yakitazamana kama alama ya meno ya nyoka, hayakufanywa na mwiba wala spoki. Gurudumu lilikuwa na upepo mchache, baiskeli ikabebeshwa mzigo, ikapanda jiwe, na tyubu ikabanwa kati ya jiwe na chuma cha rimu. Pancha ya namna hii haina wa kulaumiwa ila mvivu wa kutia upepo. Wako watu wapendao tairi laini kwa sababu ya mashimo. Lakini tairi la nyuma lenye mzigo wa madumu manne likibonyea kwa kidole gumba kwa urahisi, limekwisha kujiandalia pancha. Na mpasuko ulio katika shina la vali, pale chuma kinapoungana na mpira, hutokea tairi lilegealo linapoteleza juu ya rimu na kuivuta vali upande. Huo hauzibiki, tyubu hiyo ikatwe iwe viraka vya nyingine.

Tobo likiisha kusema habari yake, tairi likaguliwe kwa ndani. Wengi hupitisha vidole, na vidole huona mwiba kwa kuchomwa. Afadhali kitambaa laini au pamba: hupitishwa polepole kuzunguka tairi lote, kwenda na kurudi, na palipo na ncha hunasa uzi. Mwiba husukumwa kutoka ndani au kuvutwa kutoka nje kwa koleo. Tairi lililochanika kwa tumbawe hata tyubu ikachungulia huwekwa ndani yake kipande cha tairi kuukuu kilichochongwa kingo, la sivyo tyubu itatoka nje kama kivimbe na kupasuka kwa mshindo.

Kubandika kwenyewe ni kazi ya subira tu. Mahali pa tobo pakauke kabisa. Wakati wa masika, kati ya Aprili na Juni, unyevu wa hewa peke yake umeharibu viraka vingi. Pakwaruzwe kwa msasa kupita ukubwa wa kiraka mpaka weusi ung'aao ugeuke kijivu. Asiye na msasa wa dukani ana msasa wa mwituni, mti ambao majani yake makavu mafundi wa seremala wa Pwani waliyatumia kulainisha mbao zamani, nao ndio ulioipa karatasi hiyo jina. Kiraka kikikatwa katika tyubu kuukuu, nacho kikwaruzwe vile vile. Halafu solusheni ipakwe nyembamba, pande zote mbili, na iachwe. Hapo ndipo mikono ya watu huwasha. Solusheni ni mpira ulioyeyushwa katika dawa irukayo upesi kama petroli, na dawa ile isiporuka hufungwa chini ya kiraka na kukizuia kisishike. Dakika tano si nyingi. Ikiguswa kwa mgongo wa kidole na isinate, iko tayari. Kiraka kiwekwe mara moja pasipo kusogezwa, kikandamizwe kuanzia katikati kwenda pembeni, na juu yake pakanyunyizwe poda au vumbi la chaki ili kisigandamane na tairi. Pancha ya moto, ichomwayo juu ya kipande cha pistoni, ina nguvu kwa matairi ya magari. Tyubu ya baiskeli ni nyembamba, na moto uzidio kidogo huikaanga.

Wakati wa kurudisha, tyubu itiwe upepo kiasi cha kupata umbo lake tu, tairi lianze kuingia katika rimu upande ulio mbali na vali na kumalizia penye vali, kwa dole gumba pasipo chuma. Vali isukumwe juu kisha ivutwe chini, ili tyubu isibaki imebanwa chini ya ukingo wa tairi.

Jambo moja mchuuzi yule alilifanya vema. Gurudumu lilipolala mara ya tatu, hakupanda akaendesha juu ya rimu kama wafanyavyo wenye haraka, ambao hutaka kuokoa nusu saa wakapoteza tyubu, tairi na rimu pamoja. Aliisukuma baiskeli, mkono mmoja ukiinua tenga lisimlemee nyuma, mpaka akamkuta fundi chini ya mwarobaini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali?”

“Malindi, mzee. Nimeziba mara mbili njiani. Solusheni ya siku hizi haina nguvu.”

Fundi aliipindua baiskeli, akavuta tyubu, akaitazama asiseme neno. Viraka viwili na tobo moja, vyote vitatu mahali pamoja.

“Mzee, samaki wanaharibika. Bandika tu, Mungu atanifikisha.”

“Atakufikisha, mwanangu. Ngoja kwanza nimwone huyu unayetembea naye.”

Akailaza tyubu juu ya tairi, vali kwa vali, akachovya kidole katika chaki na kutia alama. Kitambaa kilipopita hapo mara ya kwanza hakikunasa kitu. Mara ya pili, kikirudishwa kinyume, kilishikwa na uzi mmoja. Fundi akakunja tairi kwa dole gumba mpaka ncha ikachomoza, akaishika kwa koleo, akamwekea mchuuzi katika kiganja: kipande cha mbigili, si kikubwa kuliko punje ya mchele iliyovunjika.

Kiraka kilibandikwa mwisho, na dakika zake tano alipewa, ingawa mchuuzi alisimama na kuketi mara nne. Gunia likaloweshwa tena kwa maji ya karai. Alipouliza malipo, fundi alilitazama tenga, akachagua tafi wawili, akafunua matamvua ya mmoja. Yalikuwa bado mekundu. Akawaweka kivulini, akaendelea na gurudumu jingine.